Ncha ya Pili ya Nguo ya Meza

Mama mchungaji amenisumbua vya kutosha. Alipokuja mara ya kwanza nilimwambia macho yangu mabovu. Akarudi na miwani ya kuazima. Nikamwambia sina karatasi. Akaja na karatasi zenye mistari na kalamu, akaketi kwenye kiti changu kizuri bila kukaribishwa, akasema, "Bibi, kanisa linatengeneza kijitabu cha watu waliolitumikia. Habari za fundi utaandika wewe."

Nikamwuliza, kwani yule aliyesimama kuongea kwenye maziko amekufa naye? Si alipewa kipaza sauti, akalia mpaka watoto wasiojua kitu wakalia? Mwambieni yeye aandike. Mama mchungaji akacheka, akaniachia karatasi mezani, akaenda zake.

Haya, naandika. Shule niliiacha kabla haijanizoea, na herufi zangu kila moja inaelekea kwao. Lakini haya nitakayoyasema hakuna mwingine anayeyajua. Atakayesahihisha asahihishe herufi. Maneno ayaache palepale.

Fundi alikuwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Mrefu, mwembamba, miguu mikubwa, midomoni pini. Cherehani yake ilikaa kwenye kibaraza cha nyumba, imeelekea barabarani ili asipitwe na mtu. Aliongea huku amebana pini, na hajameza hata moja. Ukienda kwake kupimwa gauni ulitoka umeshajua umenenepa wapi na umenenepeshwa na nini.

Msije mkaandika kwamba alikuwa mpole. Nimesikia wameanza kusema hivyo. Hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa na ulimi wa wembe, na jambo alilolipenda kulisemea kuliko yote, baada ya Mungu, lilikuwa chama chake. Chama cha Kengele. Zamani maji tuliyafuata bondeni, yeye na mimba, mimi na mtoto mgongoni, na kurudi ni mlima. Serikali ya Kengele ikaleta bomba mpaka kwenye kona yetu. "Siku nitakayolisahau lile bomba," alikuwa akisema, "nizikeni hata kama bado nahema."

Mimi pia ni Kengele. Hilo kila mtu analijua na sijawahi kulificha.

Sasa niwaeleze kazi yetu ya Jumamosi, maana vijana mnaona nguo nyeupe mezani siku ya Jumapili mnadhani inajinyoosha. Ile nguo ya meza ya Bwana ni ndefu kuliko kitanda, na ni ya pamba nzito. Tuliifua nyuma ya kanisa, tukaitia wanga, tukaianika. Haingojwi ikauke. Inaondolewa kwenye kamba ikiwa bado na unyevunyevu, halafu watu wawili wanaishika, mmoja huku, mmoja kule, pembe mbili kila mtu. Mnarudi nyuma mpaka ikaze. Mnaikung'uta mara moja kwa pamoja, halafu mnaivuta mshazari, mkono wangu wa kulia na mkono wako wa kulia, kisha mikono ya kushoto. Ukivuta zaidi ya mwenzako inapinda. Ukivuta kidogo inalegea katikati. Ikishapinda, pasi hiyo ya mkaa uipitishe hata mpaka kesho, itapinda vilevile, na Jumapili mchungaji anasimama mbele ya meza iliyokaa kama imelewa.

Ncha ya kwanza ilikuwa ya fundi. Ya pili ilikuwa yangu. Hatukuhesabu, hatukuambiana "sasa". Nilimwangalia mabega. Mabega yakishuka, nami navuta. Tulianza kazi hiyo tukiwa wasichana wenye viuno, tukaendelea nayo mpaka viuno vikatuacha. Mume wangu alipofariki, Jumamosi yake nilikwenda kuishika ncha yangu. Sikuwa na mahali pengine ambapo mtu alinijua bila mimi kusema neno.

Basi sasa aingie yule.

Yule tunamwita Mama Tarumbeta, na jina alijitafutia mwenyewe. Ni muuza nyanya sokoni, mfupi, mnene, na sauti yake ukiisikia uko nyumbani unadhani yuko ndani ya kabati. Yeye ni wa chama cha Ngazi. Tena si wa kupiga kura tu na kunyamaza, ni mwenyekiti wa akina mama wa Ngazi mtaani kwetu, kilemba chekundu asubuhi mpaka jioni. Na anasali kanisa letu lilelile. Nitasema ukweli wake maana fundi angenikemea nisiposema: baraza la mji lilipokuwa la Kengele lilivunja vibanda vya soko bila kuwaambia watu. Nyanya zake zilikanyagwa zikawa supu, naye amesimama anatazama. Toka siku hiyo hakutaka kusikia habari ya bomba letu.

Kampeni ile kubwa ilipofika, wenzetu wa Ngazi walipita mtaani na gari lenye vipaza sauti, Mama Tarumbeta amesimama nyuma na kilemba chake. Wakasimama mbele ya kibaraza cha fundi. Nilikuwepo, nafua.

"Mnamwona huyo?" akapaza. "Huyo ndiye anayewashonea wezi sare! Muulizeni, mfuko wa kuibia anauweka upande gani?"

Watu wakacheka. Mimi nikachukua beseni langu la maji ya sabuni nikalimwaga lote kuelekea gari. Yalimpata miguuni. Sijutii.

Fundi akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake. Nikajua leo kuna kazi, maana pini alizitoa kwa ugomvi wa maana tu. Akaingia ndani. Akatoka na kikombe cha maji ya kunywa, akaenda nacho mpaka kwenye gari.

"Shuka unywe," akamwambia. "Sauti inakukwaruza toka juzi. Ukimaliza, panda uendelee na uongo wako."

"Umetia nini humo?"

"Maji ya bomba. Yanakuchoma?"

Yule mwanamke akacheka, na kile kipaza sauti kikiwa bado kinafanya kazi, mtaa mzima ukasikia cheko lake. Akashuka. Akanywa. Wakasimama palepale wakabishana mambo ya soko na bomba mpaka dereva wa gari akachoka akazima injini. Nami nimeshika beseni tupu, nguo zangu zimebaki kavu nusu na povu nusu, na hakuna aliyenitazama. Niliyempigania hakugeuka hata kusema asante wifi.

Nilidhani yameishia hapo.

Uchaguzi ukaja, Kengele tukashinda. Tulishangilia, na wengine tulishangilia hata kanisani, tukaimba kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Jumapili ile Mama Tarumbeta aliingia akaketi benchi lake, na wanawake waliokuwa kwenye lile benchi wakaondoka mmoja mmoja. Mmoja akajifanya anafuata mtoto, mwingine akajifanya jua linampiga. Akabaki peke yake kwenye benchi zima na kile kilemba. Mimi sikuhama, maana sikuwa benchi hilo. Nilikuwa langu, na wifi yangu, mahali petu, ubavuni kwa nguzo.

Fundi akaokota mkoba wake.

"Unakwenda wapi?" nikamnong'oneza.

"Kule kuna nafasi."

"Na hapa hakuna?"

"Hapa upo wewe."

Akaenda. Akapita mbele ya watu wote na miguu yake ile mikubwa, akaketi ubavuni kwa Tarumbeta, karibu kabisa, bega kwa bega, kama vile benchi limejaa. Mchungaji alihubiri siku hiyo, sijui alihubiri nini. Niliangalia migongo miwili, mmoja mrefu mmoja mfupi, na kitabu kimoja cha nyimbo katikati yao. Fundi alikuwa anajua zile nyimbo zote kwa moyo. Alikuwa anashika kitabu kwa ajili ya nani?

Nikajiambia ni Jumapili moja. Jumamosi iliyofuata nikafika nyuma ya kanisa nikamkuta Tarumbeta ameshafika, mikono ameikunja, anasuuza. Nikainama nami nikasuuza. Nguo ikaanikwa, ikafikia unyevu wake, tukaiondoa kwenye kamba. Nikachukua ncha yangu.

"Mpe mwenzio leo ajifunze," fundi akasema.

"Nimpe nini?"

"Hiyo ncha. Wewe kaa katikati, uinue isiguse chini."

Ilikuwa haijagusa chini miaka yote hiyo! Katikati pa kuinua pametoka wapi? Nikamwambia, "Mimi si mwanzi wa kuanikia, wifi." Nikaenda kupuliza mkaa wa pasi, nikaupuliza mpaka machozi yakanitoka, na kama kuna aliyeyaona basi yalikuwa ya moshi.

Nikawasikia nyuma yangu. "Usivute kama unang'oa muhogo, mama! Nifuate mimi." "Nikufuate wewe? Na tumewakataa!" "Mmetukataa mkashindwa. Shusha mabega." Halafu wakacheka. Ile nguo ilipinda siku hiyo, nataka hilo liandikwe. Ilipinda, na fundi, aliyewahi kunirudisha nimeshafika nyumba ya pili kwa sababu ya mkunjo usiozidi kidole, akasema haidhuru.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Nilikwenda. Kama ningeacha angesema nani kanifukuza. Nilipuliza mkaa, nikaangalia, na moyoni nikawa nasubiri yule akosee jambo kubwa.

Akakosea. Alikuja siku moja amechelewa kutoka sokoni, jua kali, jasho linamtiririka. Akaichukua nguo kwenye kamba peke yake, na kwa kuogopa mikono yake ina nyanya, akavua kilemba chake cha Ngazi akaishikia nacho, akaikumbatia. Vile vilemba vya kampeni wanajua wenyewe vinavyotengenezwa. Kilichuja. Tulipoikunjua tukakuta kwenye pembe ya nguo ya Bwana alama nyekundu, kubwa kama kiganja.

Mimi ndiye niliyeiona kwanza. Na nilisema kwa sauti, tena sauti ambayo Tarumbeta mwenyewe asingeibeza. "Tazameni! Ametupigia kampeni mezani kwa Bwana!"

Wanawake waliokuwa wanafagia kanisa wakatoka. Mwenyekiti wetu wa akina mama wa kanisa akaitazama ile alama, akatazama kilemba, akasema, "Hili limezidi. Huyu asiguse tena vitu vya madhabahu." Na wengine wakaitikia. Tarumbeta, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na sauti. Amesimama kichwa wazi, mvi zimesimama, mikono myekundu.

Nilikuwa na furaha. Nilisikia ncha yangu inarudi mikononi.

Fundi akaishika ile pembe, akaiangalia kwa karibu, akaifikicha kwa kidole gumba.

"Nilikwambia," akamwambia Tarumbeta. "Chama chenu hata rangi hakiwezi kuishika. Mngeishika nchi?"

Watu wakaguna, kisha wakaanza kucheka, na Tarumbeta akacheka huku analia. Halafu fundi akamgeukia mwenyekiti, na hakucheka tena. "Alikuwa anailinda isichafuke. Akitoka yeye, natoka na cherehani yangu, na mtatafuta wa kuwapindia pindo."

Wakatawanyika, maana hakuna mwingine wa kuwapindia pindo. Tukaichemsha ile nguo, tukaitia chumvi, tukaianika juani. Alama ikafifia lakini haikutoka. Fundi akashona juu yake msalaba mweupe, uzi juu ya uzi, mpaka usijue chini kuna nini. Mkienda Jumapili tazameni pembe ya kushoto. Mnadhani ni pambo.

Nilimfuata kibarazani kwake jioni ile. Sikuketi.

"Mimi nilikukosea nini?"

"Hujanikosea, wifi."

"Basi mbona yule umempa kila kitu? Umempa benchi, umempa ncha. Alikutukana mtaani kwa kipaza sauti, nami nikakumwagia maji... nikammwagia maji kwa ajili yako!"

Akatoa pini mdomoni. Zote.

"Wewe nakupenda bila kujitahidi," akasema. "Kama kuvuta pumzi. Yule najitahidi. Kila siku naomba Mungu anisaidie, maana akifungua mdomo kuhusu lile bomba natamani kumkaba. Bwana hakusema nipende wanaopiga kura kama mimi. Kwa hiyo natoka jasho, na wewe unaliona hilo jasho unadhani ndiyo mapenzi makubwa."

Mtu mwingine angeridhika. Maneno mazuri hayo. Mimi nilikwenda nayo nyumbani nikayageuza huku na huku, na nikaona jambo moja tu: kwamba kwa ajili yangu hakuna aliyetoka jasho. Pumzi, nani anaikumbuka?

Miaka ikapita, uchaguzi mwingine ukaja. Fundi alikuwa ameshaumwa, miguu ile mikubwa imevimba, anakaa kwenye kiti cha magurudumu kilichotolewa na kanisa. Nilipanga siku ya kura nimpeleke mimi. Nilivaa vizuri. Nilifika kwake nikakuta mlango umefungwa na kiti hakipo.

Niliwakuta kwenye foleni ya kituo. Tarumbeta anasukuma. Kilemba amevuliwa na askari getini, maana sare za vyama haziruhusiwi ndani, yuko kichwa wazi mbele ya umma. Vijana wa Ngazi wakamzomea. "Mama! Unasukuma kura ya adui hiyo!"

"Nasukuma dada yangu," akawajibu, na mnaijua sauti yake. "Kura yake ni mzigo wake. Sogeeni."

Dada yako wa wapi? Mimi ndiye wifi! Lakini fundi alikuwa ameinua uso anamtazama yule mwanamke kwa nyuma, kichwa amekilaza kwenye mkono wake. Nikasimama kwenye foleni yangu, mbali. Fundi alipotoka chumba cha kura akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Kengele!" Na Tarumbeta akamwambia, "Kimya, utatufungisha," wakaenda zao wanacheka.

Alifariki mvua zilipokwisha. Kwenye maziko wakampa kipaza sauti yule, kama nilivyosema. Alisema, "Kila siku aliniambia nimekosea, na kila siku aliniwekea kiti." Basi. Ndiyo hayo tu aliyosema kabla ya kulia. Niliyatamani yawe yangu.

Sasa Jumamosi iliyofuata. Nilikwenda nyuma ya kanisa nikijua atakuja, naye alikuja. Hatukusalimiana. Nguo tuliifua sote, tukaitia wanga, tukaianika, tukakaa kila mtu na ukuta wake tukingoja unyevu. Ilipofikia, tukainuka pamoja. Nikaenda kwenye ncha ya fundi, ile yenye msalaba. Naye akaenda kwenye ncha ya fundi. Tukaishika wote wawili, upande mmoja, na upande wa pili wa nguo ya Bwana ukaanguka chini kwenye tope.

Tukaitazama.

"Achia," nikasema.

"Hapa alikuwa anasimama yeye."

"Najua alikuwa anasimama nani! Nilikuwa nasimama mbele yake kabla wewe hujajua kanisa liko wapi."

Akaitazama ile pembe yenye alama yake chini ya uzi. Akaachia. "Haya, chukua. Upande wa fundi chukua wewe."

Na hapo ndipo nilipokasirika kweli. "Sitaki kupewa na wewe!"

"Basi nipe mimi."

"Thubutu!"

Akaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kisha nikaona anafanya yote mawili. "Alisema utafanya hivi," akasema. "Alisema, 'Nikifa, wifi yangu atakupa taabu. Usimkimbie.'"

Kumbe waliniongelea. Kumbe mimi pia niliachiwa mtu wa kunitolea jasho.

Tukaifua tena ile nguo, yote. Nikasimama kwenye ncha ya fundi, yeye akasimama kwenye yangu, na nikamwona kutoka upande ule ambao fundi alikuwa ananiona mimi. Mabega yake mafupi, hayasomeki. Akavuta kama anang'oa muhogo.

"Unavuta upande mmoja kama siasa zenu," nikamwambia.

"Na wewe umelegeza kama serikali yenu."

Ilipinda. Jumamosi iliyofuata ikapinda kidogo. Bado ananichefua. Akitaja vibanda vya soko nanyamaza, nikitaja bomba ananyamaza, na siku nyingine hatunyamazi na watu wa jirani wanafunga madirisha. Namwombea kabla sijatoka nyumbani, kwa maneno machache, maana nikirefusha naanza kumshtaki. Simwambii. Jasho ninatoka, na sasa najua ni jasho la namna gani, na kwamba aliyetoka jasho kwa ajili ya huyu alikuwa bado ana pumzi kwa ajili yangu. Lakini ncha ya fundi nashika mimi. Hilo lisibadilishwe na mtu.

Haya mama mchungaji, karatasi zako zimekwisha. Na wewe unayesoma kijitabu hiki, uwe wa Kengele, uwe wa Ngazi, uwe wa hicho kingine kipya, usikikunje ukakiweka kabatini. Njoo Jumamosi nyuma ya kanisa. Sisi tumezeeka, mikono imeshuka, nguo inagusa chini, na anatakiwa mtu wa kukaa katikati aiinue. Nawe njoo na yule usiyemsalimia tangu kura, maana katikati panabeba wawili. Mnawe mikono. Na vilemba vyenu viacheni nyumbani, vinachuja.